Santuri za kanda ya ziwa: huu weupe ni kuvu, plastiki au sindano?

KavaTupu (#1)
Wakuu, salaam. Kuna boksi la santuri limetua mezani kwangu kutoka soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, upande wa vyombo chakavu. Inchi 7 za spidi 45 ni thelathini na kitu, nyingi benga (Shirati Jazz wamo) na dansi zilizochapwa Nairobi miaka ya 1970. LP (santuri kubwa za spidi 33⅓) zipo chache: *Agwaya* ya Orchestra Makassy (Virgin, 1982), *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala (Real World, 1989), na mbili za rumba ambazo kava zimeliwa na mende. Chini kabisa ipo moja nzito ya spidi 78.

Karibu zote zina weupe. Nyingine weupe ni madoa, nyingine ni kama pumzi iliyoganda kwenye kioo, nyingine zimefifia tu hazing'ai. Zikipigwa zinakwaruza mwanzo mwisho. Halafu waimbaji wote wamekuwa na sauti nzito, hata wale ninaowajua kwa sauti nyembamba. Mashine ya kupigia ni mtumba wa Japani, sahani yake inazungushwa kwa mkanda.

Huu weupe ni nini, na unatoka kwa kitu gani? Muuzaji anasema "osha na sabuni ya unga, basi."

Igogo_Juu (#2)
Sabuni ya unga usiguse. Ina chembe zisizoyeyuka zote, zinakaa ndani ya mfereji na sindano inazisaga humo humo.

Weupe huo ni kuvu. Hewa yetu ikishavuka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, kuvu inaota popote penye chakula, na chakula chake ni karatasi ya mfuko wa ndani, gundi ya kava na mafuta ya vidole. Plastiki yenyewe haili, inatambaa juu tu. Masika na vuli, chumba kilichofungwa kikiwa karibu na maji, hesabu imekamilika. Chukua lenzi: kuvu ina kitovu na matawi yanayotoka pembeni, na ukifungua kava utasikia harufu ya kabati la bibi.

FundiWaya (#3)
@Igogo_Juu kwa hayo madoa nakubali. Lakini "pumzi kwenye kioo" si kuvu hata kidogo. Hiyo ni mifuko ya plastiki laini ya PVC, ile minene inayonata na yenye harufu ya kandambili mpya. Ndani yake kuna mafuta ya kulainisha plastiki. Kwenye joto mafuta yanatoka yanahamia kwenye santuri, ambayo nayo ni PVC. Yakishaingia kwenye uso wa santuri, hakuna kuosha kutakakoyatoa.

Kipimo: ukungu wa plastiki umesambaa sawasawa na mara nyingi unafuata umbo la mfuko. Utaona mpaka mahali mfuko ulipokunjamana. Kuvu haichori mistari.

Mzigo_wa_Kamanga (#4)
Mwenye uzi umeficha bei. Mlango Mmoja hawakupi LP ya Virgin bila kukukamua. Sema tu ulitoa ngapi, sisi ni ndugu.

KavaTupu (#5)
@Mzigo_wa_Kamanga nikitaja bei kesho mko pale kumi, na keshokutwa bei ni mara tatu 😀

DadaWaPasiansi (#6)
Habari zenu. Mmesahau maji. Santuri ya mtumba karibu kila mara imeshaoshwa na muuzaji ili ing'ae. Maji yakikauka juu yake yanaacha chumvi. Utaona duara duara, ukingo wa tone umekuwa mweupe na katikati pasafi. Hiyo si kuvu wala si plastiki, ni madini. Siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, inayatoa dakika chache, kisha suuza.

Kisima_Kirefu (#7)
Dada, heshima yako, ila hapo parekebishwe. Maji ya bomba ya mjini yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, chumvi zake ni kidogo. Hayaachi ukoko wa maana. Maji ya visima ndiyo yanaacha, na hapo inategemea mwamba wa eneo. Kama muuzaji aliosha kwa maji ya bomba, hayo maduara ni sabuni ambayo haikusuuzwa. Siki haina la kufanya na sabuni, maji mengi yanatosha.

DadaWaPasiansi (#8)
Nani kasema aliziosha mjini? Boksi laweza kuwa limetoka Sengerema au Magu huko, kisima mlangoni. Na wewe jina lako lenyewe Kisima, unajitetea?

Sarafu_Juu (#9)
Watu wanaosha kisichooshwa. Zile "zimefifia hazing'ai" ni mfereji uliochoka. Mashine za baa enzi hizo zilikuwa na katriji (kichwa kinachobeba sindano) za seramiki, uzito wa sindano gramu 4, 5, 6. Sindano ikiruka, mwenye baa anaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono. Sarafu peke yake ina gramu kadhaa, wakati katriji ya sumaku ya leo inataka gramu 1.5 hadi 2 basi. Sindano yenyewe haikubadilishwa miaka. Ikishachakaa pembeni inakuwa patasi, inakwangua kuta za mfereji. Ndiyo maana rangi inageuka kijivu.

Mtihani rahisi: lowesha sehemu ndogo. Weupe wa juu unabadilika ukiguswa na maji au kitambaa, kijivu cha kuchakaa kikikauka kinarudi vile vile. Na ukisikiliza, mikwaruzo inazidi pale mwimbaji anapopandisha sauti na gitaa zinapoingia kwa nguvu, na inazidi tena unapokaribia lebo.

Kwa za dansi, geuza upande B. Wimbo umegawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, kwa sababu upande mmoja wa inchi 7 hauchukui zaidi ya dakika nne au tano kwa sauti nzuri. Chemko, ile sehemu ya kuchezeka, liko B. Baa ilikuwa inapiga B mpaka iote upara.

Igogo_Juu (#10)
Hoja ya upande B tamu, ila haithibitishi kitu. Mfereji ukikaribia lebo unapita chini ya sindano polepole zaidi, kwa hiyo sauti kali zinabanwa kwenye nafasi ndogo. Hata santuri mpya inakwaruza kidogo mwishoni, upande wowote. Na kwenye dansi chemko ndilo linaloishia karibu na lebo. Labda unasikia jiometri tu, si baa.

Sarafu_Juu (#11)
Jiometri haibadilishi rangi kuwa kijivu, mkuu.

Mikroni18 (#12)
Naongeza la nne, au la tano, nimeshapoteza hesabu. Malighafi. Viwanda vingi duniani, hasa mafuta yalipopanda bei 1973, vilichanganya plastiki iliyosagwa kutoka santuri zilizokataliwa, wakati mwingine na vipande vya lebo ndani yake. Santuri ya namna hiyo inakwaruza tangu siku inatoka kiwandani na haing'ai sawasawa. Ishike sambamba na mwanga wa dirisha: ukiona vidoti vidogo vilivyozama ndani ya plastiki yenyewe, hakuna dawa.

@KavaTupu sindano yako ni ya aina gani? Ya duara ya mikroni 18 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inakaa chini kwenye mfereji, pale pale uchafu ulipolala. Sindano ya mono ya mikroni 25 inakaa juu kidogo, na kwenye 45 kuukuu mara nyingi inapita juu ya sehemu iliyochakaa. Kwa nusu ya santuri zako kelele itapungua bila kuosha chochote.

Mzigo_wa_Kamanga (#13)
Hizi za Nairobi, mbona bendi za kwetu zote zilichapwa kule? Redio Tanzania ilikuwa na studio.

Mwaloni_45 (#14)
Studio ndiyo, kurekodi kwenye tepu. Kuchapa ni kazi nyingine: inatakiwa kukata lakka (sahani mama inayochorwa sauti), kutengeneza moldi za nikeli, kisha mashine ya kukandamiza. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, mzigo ukawa mgumu kuvuka. Ndiyo maana huku ziwani zilizopo zilipigwa mno, mbadala hakuna. Naunga mkono #9 kwa njia hiyo.

Hao Shirati Jazz kwenye boksi lako nao ni wa Kenya, hata kama wengi huku wanawadai.

Rorya_Kwetu (#15)
@Mwaloni_45 ngoja kidogo. Bendi ilifanya kazi Kenya, sawa. D.O. Misiani, kiongozi wao, alizaliwa upande wa Shirati, mkoa wa Mara, mwaka 1940, na alifariki Kisumu kwa ajali ya gari 2006. Jina la bendi ni la kwao. Ziwa moja, msituchoree mpaka kwenye benga.

Mwaloni_45 (#16)
Nimekupata mkuu, bendi ya Kenya, mtoto wa Mara. Turudi kwenye weupe.

FundiWaya (#17)
Kabla ya weupe, hiyo sauti nzito. Mashine ya Japani ni ya volti 100. Bila shaka umeweka stepdauni, la sivyo ingeshatoa moshi. Lakini stepdauni inashusha volti tu, haigusi masafa. Japani upande wa Tokyo umeme ni hezi 50, upande wa Osaka ni hezi 60. Kwetu 50. Kama mota ni ya AC na puli yake (kigurudumu kinachovuta mkanda) ni ya hezi 60, hapa inazunguka kwa 50/60, yaani asilimia 83. Santuri ya 33⅓ inakwenda 27.8. Sauti inashuka nusu-toni tatu na kidogo. Soprano anakuwa baba wa familia.

Geuza mashine usome kibandiko cha chini. Nyingine zina swichi ya 50/60, au kuna puli ya pili imefungwa kwa skrubu chini ya sahani. Kama ingekuwa aina ya kuzungushwa moja kwa moja yenye kwatzi ya kutunza spidi, mfano Technics SL-1200MK2, masafa ya umeme yasingekuhusu.

KavaTupu (#18)
Kibandiko kimefutika. Ila ina taa ya pembeni na vinundu vya kupimia spidi kwenye ukingo wa sahani, na vimetulia kabisa. Si maana yake spidi iko sawa?

Mikroni18 (#19)
Hapo ndipo penye mtego. Vinundu vya hezi 60 chini ya taa ya hezi 50 vinatulia pale pale spidi inapokuwa 27.8. Taa na mota vinakudanganya kwa pamoja.

Chapa karatasi ya mistari yako mwenyewe: mistari 180 kwa 33⅓ kwenye hezi 50, mistari 133 kwa 45. Ile ya mistari 216 ni ya hezi 60, usiitumie. Mulika kwa balbu ya kizamani au tyubu ya zamani. Balbu nyingi za LED hazimeti kwa mpigo wa umeme, hutaona kitu. Au weka alama ya chaki ukingoni, hesabu mizunguko dakika moja kamili kwa saa ya simu. Ukipata 28 badala ya 33, umeshajua.

FundiWaya (#20)
Ikithibitika, peleka puli kwa fundi wa kukereza akupe ya shaba. Usizidishe kipenyo cha puli kwa 1.2 moja kwa moja, ongeza kwanza unene wa mkanda. Mfano puli milimita 10, mkanda 0.6: 10.6 × 1.2 = 12.72, toa 0.6, unapata 12.12. Ngazi mbili zote, ya 33 na ya 45, kila moja na hesabu yake. Abakishe mbinuko kidogo katikati, la sivyo mkanda utapanda na kutoka.

Kuna wanaozungushia solotepu. Kwa tofauti ya milimita 2 utahitaji mizunguko kama ishirini, na pale inapoishia kuna ngazi. Kinanda kitayumba kila mzunguko wa puli.

Mwaloni_45 (#21)
Na msisahau kwamba baadhi ya 45 zenyewe zilikatwa kutoka tepu iliyokimbia vibaya. Kuna nyimbo za dansi ambazo toleo la santuri na toleo la redio hazilingani hata na gitaa lililofungwa vizuri. Akishapata 33⅓ kamili, zingine zitabaki nzito vile vile.

DadaWaPasiansi (#22)
Sasa kuosha, maana ndilo aliloulizia. Kwa lita moja: maji ya mvuke (mvuke uliopoozwa ukawa maji) mililita 800, isopropili (aina ya alkoholi) mililita 200, sabuni ya maji ya vyombo matone mawili, matatu ni mengi. Kwanza ondoa vumbi kavu kwa brashi laini. Lebo ikingwe: vifuniko viwili vya chupa ya siagi ya karanga, kipenyo kisipungue sentimita 10 kwa LP, mpira wa tairi ya baiskeli umekatwa duara ndani, bolti ya milimita 6 katikati kwa sababu tundu lina kama 7. Kaza kwa vidole. Brashi ifuate mfereji, mizunguko mitano kwenda na mitano kurudi. Suuza na maji ya mvuke peke yake. Futa kwa maikrofaiba, simamisha kwenye kichanja cha sahani, kivulini. Ukipiga ikiwa na unyevu, sindano inakusanya matope.

Kama kuna kuvu, fanya nje na uzibe pua. Mfuko wa karatasi wa zamani utupe, usirudishe.

Kisima_Kirefu (#23)
Hapo dada nakupa mkono. Nyongeza tatu tu.

Maji ya mvuke huku tunanunua kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili. Maji ya kujazia ni maji matupu, lakini duka hilo hilo linauza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana.

Spiriti ya hospitali si isopropili. Nyingine zina mafuta ndani ya kulinda ngozi, zinaacha utando. Mafundi simu wanayo isopropili halisi ya kusafishia bodi.

Na ile ya spidi 78 USIIGUSE na spiriti ya aina yoyote. Ni shelaki (utomvu mgumu, si plastiki), inayeyuka kwenye alkoholi. Maji ya mvuke na tone la sabuni, haraka, ukaushe papo hapo.

Sarafu_Juu (#24)
Gundi nyeupe ya mbao mmeiacha wapi? LP upande mmoja inakunywa mililita 80 hivi, inchi 7 kama 20. Iwe na unene wa milimita moja na nusu, acha ulimi ukingoni wa kuvutia. Kwa hewa yetu subiri saa 24, ikishakuwa angavu yote, bandua. Inatoka na uchafu wa chini kabisa. Ikiwa nyembamba inakatika vipande na utakesha unachokonoa. Si kwa 78.

Igogo_Juu (#25)
Gundi inatoa kuvu lakini haiui mbegu zake. Na isipotoka yote, umemwekea kuvu chakula kipya.

KavaTupu (#26)
Asanteni. Mrejesho: chaki imesema 28, puli iko kwa fundi. Weupe: 45 za madoa, nyingi zimetakata kwa mchanganyiko wa dada. Chache zilibaki na maduara, siki ikayatoa. Moja ya LP za rumba haijabadilika kwa maji, siki wala gundi, ila inalia vizuri, kelele kidogo mno. Nyingine tatu za dansi zimekuwa nyeusi na kung'aa, na bado zinakwaruza kama mwanzo.

FundiWaya (#27)
LP isiyobadilika na inalia vizuri: plastiki. Nilisema #3.

Sarafu_Juu (#28)
Nyeusi, safi, na bado zinakwaruza: baa. Nilisema #9.

DadaWaPasiansi (#29)
Maduara yametoka kwa siki. @Kisima_Kirefu upo?

Kisima_Kirefu (#30)
Nipo. Hakuyasuuza kwanza kwa maji matupu, kwa hiyo hatujui kama ni siki iliyoyatoa au ni maji yaliyokuwa ndani ya siki.

Mikroni18 (#31)
@Sarafu_Juu usikimbilie baa. Safi na kung'aa na bado zinakwaruza inaweza kuwa uzito mdogo mno wa sindano. Watu wanashusha hadi gramu 1 wakidhani wanailinda santuri, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na ndiyo inayoharibu. Apime. Mizani ndogo ya dhahabu ya gramu 0.01 wanayotumia wanunuzi wa Geita inatosha, ila sahani yake isiwe ya chuma, katriji ina sumaku na itavutwa. Sindano itue kwenye kimo kile kile cha santuri. Ukiweka mizani juu ya mkeka mkono unainuka na namba inabadilika.

Rorya_Kwetu (#32)
Kuhifadhi: wima, zisiegemee, si sakafuni na si juu karibu na bati. Mchana chini ya bati LP inajikunja bila kugusa jua. Vipakiti vya silika kutoka maboksi ya viatu vinafaa, vikaushwe tena kila msimu wa mvua. Mifuko ya ndani iwe polithini nyembamba inayochakarika, si ile laini inayonata.

Mzigo_wa_Kamanga (#33)
Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku Juni 2019?

Rorya_Kwetu (#34)
Ya kubebea ndiyo. Vifungashio vya bidhaa ni habari nyingine. Usipovipata, karatasi nyeupe isiyo na tindikali, kaki hapana.

Mzigo_wa_Kamanga (#35)
Poa. Na hiyo 78, nina gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sindano haina. Ya cherehani inafaa? Ziko tele sokoni Makoroboi.

Mikroni18 (#36)
Usithubutu. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni 76 hivi. Ncha ya cherehani ni nyembamba, inalala chini kabisa na kuchimba. Tena ni chuma kigumu mno. Sindano ya gramafoni ni laini makusudi: shelaki imechanganywa na unga wa mawe, mizunguko ya mwanzo inaisugua mpaka ikae sawa na mfereji. Ndiyo maana inatupwa kila baada ya upande mmoja. Agiza pakiti ya 100 au 200, na usiipige ya @KavaTupu kwanza, tafuta iliyopasuka ya majaribio.

KavaTupu (#37)
Na bei yake bado sitaji.